Moyo na Ini katika Mfuko wa Unga

Katika kijiji cha Rincón Alto, kilichokaa begani mwa mlima kaskazini mwa New Mexico, watu humjua Delfina Archuleta kwa mlio wa basi lake kabla hawajauona uso wake. Ndiye ashushaye na kupandisha watoto wa shule kwenye barabara ile ya changarawe, jua liwe kali au theluji iwe nzito, na wazazi wa pale wameacha zamani kuchungulia dirishani kwa wasiwasi. Ni mwanamke mpana wa mabega, mchache wa maneno, aliyezoea kulipima jambo pande zote kabla hajaligusa. Akinunua tikiti maji huligonga, hulinusa, hulirudisha, huyajaribu mengine yote, kisha huondoka na lile la kwanza. Jirani zake humcheka kwa hilo, naye hucheka pamoja nao, lakini haachi.

Ndugu zake wawili wa kiume walihamia Albuquerque wangali vijana, wakapata kazi za ofisini na wake wa mjini. Delfina alibaki. Alimzika mumewe pale, akamzika mama yake pale, na tangu hapo akawa anaishi na baba yake, mzee Eliseo, katika nyumba ya udongo yenye kuta nene iliyojengwa na babu. Ujanani Eliseo alifanya kazi machimboni, vumbi likamkaa mapafuni. Uzeeni nyonga nazo zikamgeuka, akawa anatembea kwa fimbo mbili, moja kila mkono, akizigonga sakafuni kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.

Pamoja na hayo, hakuna aliyelitaja jina la Eliseo Archuleta pale kijijini bila kulifuatishia neno mwindaji. Elki, yule mnyama wa jamii ya paa mwenye kimo cha kumkaribia farasi, ndiye aliyeulisha ukoo wa Archuleta majira ya baridi tangu enzi ambazo hakuna aliyeziandika. Lakini miaka kadhaa ilikuwa imepita tangu Eliseo awinde. Kila Oktoba aliiteremsha bunduki ukutani, akaisafisha, akaipaka mafuta, akachungulia ndani ya mtutu akiuelekeza dirishani, kisha akairudisha mahali pake. Delfina alikuwa akimtazama akiwa jikoni, mikono yake ndani ya maji ya vyombo.

Mwaka wa habari hii, daktari alisema kwamba mapafu ya mzee hayatahimili tena baridi na hewa nyembamba ya mlimani. Wale ndugu wawili wakapanda kutoka mjini, wakakaa mezani, wakaamua: kabla ya Krismasi baba atashuka Albuquerque, akae kwa mkubwa wao, mahali penye hospitali karibu. Eliseo aliwasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama huko kwao kuna mtu anayejua kupika maharage, akaenda kulala.

Delfina hakupinga. Alijua daktari amesema kweli. Lakini usiku ule jambo moja lilimkaa moyoni, nalo halikutoka: baba yake asishuke mlimani akiwa mgonjwa aliyehamishwa. Ashuke akiwa mwindaji aliyemaliza msimu wake. Alitaka awinde mara moja tena, ale nyama ya mkono wake, ndipo aondoke. Na kwa kuwa miguu ya mzee haikuweza tena kupanda popote, ilimpasa yeye Delfina kutafuta mahali ambapo mlima wenyewe ungekubali kumshukia.

Akaanza kuchagua, kwa tabia yake ile ya tikiti maji.

Alikwenda kwanza kwenye shamba kubwa la upande wa mashariki, lililozungushiwa uzio mrefu kuliko nyumba. Elki wa pale walikuwa na vipande vya plastiki masikioni, na mwenyeji alimwonyesha ubao wenye bei za pembe, ndogo, za kati na kubwa. Jioni alimsimulia baba yake.

"Wana namba masikioni?" aliuliza Eliseo.

"Wana namba."

"Basi hao ni ng'ombe waliovaa pembe. Ukinipeleka huko, mwanangu, niache bunduki nyumbani, nichukue kapu."

Akaenda kambi ya pili, ya watu waliozoea kuwaongoza wageni matajiri. Hawa walikuwa na kila kitu: kiti cha magurudumu makubwa cha kupita kwenye matope, kibanda chenye kipasha joto, hata tegemeo la chuma la kuishikilia bunduki. Kijana wa pale akamwambia kwa furaha kwamba mzee hatasumbuka na lolote, kazi yake itakuwa kuvuta kidole tu.

"Na kidole nacho wasinisumbue," alisema Eliseo. "Wavute wao, mimi wanitumie picha."

"Baba, ukichagua hivi hatutapata."

"Mimi nachagua? Wewe ndiye unayezunguka nchi nzima ukigongagonga. Mchagua jembe si mkulima, mama."

Mahali palipopatikana hatimaye palikuwa karibu kuliko pote, kama lilivyo daima tikiti la Delfina. Mzee Ubaldo Trujillo alikuwa na shamba la alfalfa, majani ya kulishia mifugo, chini kidogo ya kijiji, kando ya mfereji wa maji, na kila msimu wa kupukutika majani elki walishuka jioni kumlia majani yake. Kwa hasara hiyo serikali humpa kibali cha kuua jike mmoja, naye huruhusiwa kumpa amtakaye. Ubaldo alikuwa baba wa ubatizo wa Delfina. Ndiyo sababu yeye na Eliseo waliitana kompadre, na ndiyo sababu walikuwa na ruhusa ya kutukanana.

"Kibali ni chake," alisema Ubaldo. "Yule mgeni wa Texas ninayempa kila mwaka nimemwambia mwaka huu hakuna. Lakini kompadre anaona bado? Asije akaniulia trekta."

"Anaona."

"Trekta langu ni jekundu. Mwambie."

Delfina alilitengeneza shamba lile kama mtu anayemtandikia mgeni kitanda. Alichukua fimbo mbili za akiba za baba yake, akatembea nazo yeye mwenyewe kutoka barabarani, akiburuta miguu makusudi, ili ajue ni wapi ardhi inamgomea mtu. Ubaldo alikuwa ameegemea uzio akimtazama.

"Na wewe umeshazeeka, binti yangu?"

"Najaribu."

"Usijaribu. Kutakujia kwenyewe."

Akaweka mbao juu ya mfereji ili mzee asiinue mguu. Akapanga marobota ya majani makavu yakawa ukuta wa kujifichia, ndani yake akaweka kiti cha jikoni chenye mikono, ambacho baba yake alikizoea, na blanketi, na robota moja la kuegemeza bunduki. Zaidi ya yote alihakikisha kwamba pikapu inaweza kukaa nyuma ya marobota yale, hatua chache tu, na ikihitajika iingie shambani hadi pale mnyama alipoanguka. Mzee asingebeba hata kofia yake. Delfina alilizunguka shamba lote mara ya mwisho, akatafuta kasoro, asiione. Alirudi nyumbani na raha ambayo hakuwa ameihisi tangu mama yake alipokuwa hai.

Jioni ya kwanza ya msimu walikaa wawili nyuma ya marobota, wakinywa kahawa ya thamosi. Baridi ilikuwa ya kuuma bila upepo. Jua lilipoanza kuugusa mlima, majike yakatoka msituni, moja moja, shingo mbele, yakasimama, yakasikiliza, yakaingia kwenye alfalfa na kuanza kula kana kwamba shamba ni lao. Moja, jike nono lisilo na ndama, likasogea mbali na wenzake likasimama ubavu wazi. Eliseo aliinua bunduki, akailaza juu ya robota, akaegemeza shavu.  Delfina alikiona kidole chake kikiingia mahali pake.

Kisha kidole kikatoka. Mzee akainua kichwa, akalitazama jike lile kwa macho tu.

"Bado," alisema.

Wakakaa mpaka giza likawafukuza. Delfina hakuuliza. Mwindaji ana sababu zake. Huenda mwanga, huenda jike lilikuwa na dosari ambayo yeye hakuiona.

Jioni ya pili mambo yakawa yale yale, ila jike lilisimama karibu zaidi, na mzee alishusha bunduki upesi zaidi. "Bado," akasema tena. Ubaldo, aliyekuwa akichungulia kutoka bandani kwake, aliwangojea langoni.

"Kompadre, umewaombea dua, au umefanyaje? Mwaka mzima nawangoja wauawe, wewe unakuja kuwatazama wakila."

"Alfalfa yako mbaya. Nangoja wanenepe."

"Walionenepa ni wao. Mimi nimekonda."

Eliseo akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Lakini Delfina hakucheka. Njiani kurudi alikuwa akiwaza kwamba macho ya baba yake yamekufa naye hataki kusema, au mikono imeanza kutetemeka. Kesho yake alipotoka kwenye zamu ya asubuhi, aliweka kopo la nyanya juu ya nguzo nyuma ya nyumba, akamwambia baba yake kwamba anashuku bunduki imepotoka shabaha, amjaribie. Mzee alimtazama kwa muda, akakaa juu ya ngazi ya mlango, akafyatua. Kopo likaruka na kutua kwenye vitunguu.

"Bunduki nzima," alisema Eliseo. "Na macho mazima. Mengine unataka kupima?"

Hapo hasira ikampanda Delfina, hasira ile ya mtu aliyetandika kitanda mgeni akalala sakafuni.

"Basi ni nini, Baba? Kiti nimekuwekea. Mbao nimekuwekea. Mnyama anakuja mpaka puani. Mzee Ubaldo amemnyima mtu kibali kwa ajili yako. Mwezi wa kumi na mbili unaondoka. Unangoja nini?"

 Mzee aliilaza bunduki mapajani, akafuta kitako chake kwa kiganja.

"Nani atambeba?" aliuliza.

"Gari lipo pale pale. Litaingia mpaka alipo."

"Gari halikumwua."

"Nitambeba mimi, basi. Mimi na Mzee Ubaldo."

"Wewe hukumwua. Ubaldo hajaua hata panya." Akamgeukia. "Unajua desturi ya nyumba hii, Delfina. Babu yako alitufundisha, nami nikawafundisha: anayefyatua ndiye anayebeba paja la kwanza. Ukimwona mnyama bondeni, kabla hujavuta, unaitazama njia ya kurudi, unajiuliza kama mgongo wako unaiweza. Huiwezi, unashusha bunduki, unamwacha aende zake. Mimi nimewaacha wengi hivyo, wakubwa kuliko hawa. Mbona nisimwache wa Ubaldo? Paja lile siliwezi. Naitazama njia, naona siiwezi. Kwa hiyo nashusha."

"Lakini hapa hakuna njia. Nimeiondoa."

"Naam," alisema Eliseo kwa upole. "Umeiondoa."

Akainuka, akachukua fimbo zake, akaingia ndani. Delfina alibaki ameketi ngazini. Desturi ile aliijua kama anavyolijua jina lake. Aliitii mwenyewe miaka yote aliyowinda. Ila alipokuwa akimchagulia baba yake, aliiona miguu yake, akayaona mapafu yake, akaiona baridi, na desturi ikampita mbele ya macho kama mtu wa nyumbani ambaye hasalimiwi kwa sababu yupo kila siku. Alikuwa amekusanya kila kilicho kigumu katika uwindaji akakitupa nje, na katika kutupa akautupa na uwindaji wenyewe.

Zilibaki siku mbili za msimu.

Siku ya kwanza ya hizo mbili ilikuwa Jumamosi. Baada ya chai Delfina alikuwa akiosha vyombo, mzee akiwa mezani na gazeti lake. Akachukua kitambaa cha kukaushia sahani. Kilikuwa kimoja cha vile vya marehemu mama yake, ambaye hakutupa mfuko wa unga hata mmoja enzi ambazo unga uliuzwa katika mifuko ya pamba: aliifumua, akaipinda, ikawa vitambaa vya jikoni. Huu haukuwa umefumuliwa. Ulikuwa bado mfuko, na katika kona yake moja palikuwa na doa la kahawia lililokuwa limeshinda sabuni zote. Delfina aliligeuza doa lile kwenye mwanga wa dirisha. Akaikausha sahani aliyokuwa nayo, akaiweka, akavuta kiti, akaketi mbele ya baba yake.

"Baba, unaukumbuka mfuko huu?"

Eliseo aliutazama juu ya miwani. "Wa mama yako."

"Wa kambini. Mwaka nilipoua jike langu la kwanza, kule korongo la maji ya chumvi."

"Ah." Mzee akaweka gazeti chini. "Mwaka tulipokula uji wa gundi."

Delfina wakati ule alikuwa mtoto, mwembamba kama ufagio, na kaka zake walikuwa wamegoma kwenda kwa sababu ya baridi. Aliua kwa risasi moja, tena bondeni. Kisha akalijaribu paja, akaanguka nalo mara tatu mpaka pua ikatoka damu. Baba yake mdogo, marehemu Nazario, alikaa juu ya gogo akicheka: mwindaji huyo kashindwa na chakula chake. Ndipo Eliseo alipokwenda hemani, akaumimina unga wao wote ndani ya sufuria, akarudi na mfuko mtupu, akatia ndani yake moyo na ini, akamfungia binti yake mgongoni. Delfina alitembea na mzigo ule kutoka korongoni hadi kambini huku damu ikimlowesha koti, na hakuwahi kabla ya siku ile wala baada yake kujiona mrefu kiasi kile. Usiku mvua ikaingia ndani ya sufuria ya unga, wakashinda siku zilizobaki wakila kitu ambacho hakikuwa mkate wala uji.

"Ulisema nini uliponifunga?" aliuliza Delfina.

"Nilisema mengi. Nilimtukana Nazario."

"Ulisema: asiyeweza paja hubeba moyo. Aliyeubeba moyo amembeba mnyama mzima."

Eliseo alimtazama, na kitu kikaanza kusogea chini ya masharubu yake. "Hiyo ilikuwa sheria ya mtoto."

"Hukusema mtoto. Ulisema asiyeweza."

"Nilikuwa na maana ya mtoto."

"Mimi nafuata ulichosema. Shahidi mwingine ni Baba Mdogo Nazario. Twende makaburini tukamwulize?"

Mzee akacheka, safari hii bila kikohozi. Akaunyosha mkono, akauchukua mfuko, akalipapasa doa lile kwa kidole gumba. Alikaa nao muda mrefu. Delfina, ambaye kazi yake inamfundisha kungoja watu walio wazito kupanda, alingoja.

"Lakini gari lako liko karibu mno," alisema Eliseo hatimaye. "Kutoka shambani hadi pale, mtu kabeba nini? Kahamisha sufuria kutoka mekoni hadi mezani."

"Nitalirudisha nyuma."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho wa marobota."

"Huko ni mezani bado. Peleka kwenye lango la pili."

"Lango la pili? Baba, una mapafu mangapi? Kwenye nguzo ya kona."

"Lango la pili."

"Huko nikikupeleka leo, kesho nawapigia wanao simu ya msiba. Nguzo ya kona."

"Nguzo ya kona atafika hata Ubaldo. Basi lango la kwanza."

"Ule mti mkubwa kando ya mfereji. Pana kivuli, na pana gogo la kukalia."

Ni mara chache sokoni kumwona mnunuzi akilia apandishiwe bei na muuzaji akilia aishushe. Eliseo alitafakari. "Mti mkubwa," alikubali. "Na zile mbao ziondoe."

"Mbao zinabaki."

"Mbao zibaki," alisema mzee. "Sijawa mwendawazimu."

Jioni ile Ubaldo aliiona pikapu imesimama mbali, chini ya ule mti, akaja akichechemea kwa wasiwasi.

"Gari limeharibika, binti yangu? Nilete trekta?"

"Liko sawa, Mzee Ubaldo. Limekaa linapotakiwa kukaa."

"Kwa ajili ya nini?"

"Kompadre wako anataka kutembea."

Ubaldo akamtazama Eliseo, aliyekuwa tayari ameketi kwenye kiti chake cha jikoni. Akaona mfuko wa unga umefungwa kiunoni mwake kwa kamba. Naye alikuwa mtu wa pale pale, mwenye desturi zile zile. Akavua kofia, akaivaa tena, akaenda kuketi nyuma ya marobota bila utani wowote, jambo ambalo lilimtisha Delfina kuliko risasi.

Majike yalichelewa kutoka. Yalipotoka mwanga ulikuwa umebaki kidogo. Jike lile lisilo na ndama likaja la mwisho, likazunguka, likasimama. Eliseo aliegemeza shavu. Kabla ya kulenga, aligeuza macho nyuma, kwenye majani yaliyokatwa, kwenye mbao, kwenye mfereji, mpaka kwenye mti. Aliipita njia yote kwa macho, kwenda na kurudi. Kisha akalenga, akafyatua. Jike lilipiga hatua kadhaa, likakunja magoti, likalala.

"Barabara," alisema Ubaldo polepole. "Na trekta langu zima."

Kazi ya kisu waliifanya Delfina na Ubaldo kwa mwanga wa taa, huku mzee akiwa ameletewa kiti chake kando ya mnyama, akitoa amri.

"Kata chini ya ubavu, kompadre. Si hapo. Hapo ni tumbo, utatuharibia chakula."

"Kompadre, nimechinja kabla hujaota meno."

"Ndiyo maana nguruwe wako hunuka."

Delfina alipoutoa moyo, ulikuwa ungali na moto, ukitoa mvuke baridini. Aliutia ndani ya mfuko, akatia na ini, akakaza mdomo wa mfuko kwa kamba. Baba yake aliinama. Delfina akamfungia mfuko mgongoni kwa fundo lile lile la zamani, chini ya mabega, kamba ikipita kifuani. Mzigo ulimvuta mzee nyuma kidogo. Akajiweka sawa, akashika fimbo zake mbili, akaanza.

Alikwenda polepole sana. Fimbo, fimbo, mguu, mguu. Delfina alifuata ubavuni akishika taa, na miguu yake, iliyozoea breki, ilijifunza upya namna ya kutokwenda. Kwenye mwisho wa marobota Eliseo alisimama, pumzi ikimlia kifuani kama mlango unaohitaji mafuta. Damu ilikuwa imeanza kupenya pamba na kumlowesha koti. Ubaldo hakuweza kuvumilia. Akanyosha mkono kuushika mfuko chini, kwa nia tu ya kuupunguza uzito. Delfina akamkamata mkono wa koti, akamzuia.

Waswahili wa pwani wana msemo kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, maana yake mbebaji peke yake ndiye ajuaye uzito. Kwa Delfina usiku ule ulikuwa kinyume. Mzigo haukuwa wake, na hakuna alichowahi kubeba kilichomwelemea kiasi kile: kumwona baba yake akihema, na kuizuia mikono yake mwenyewe isimpokee.

"Mwachie mkono, mwanangu," alisema Eliseo bila kugeuka, maneno yakitoka kwa vipande. "Asije akalia. Machozi yake yataganda hapa, tuteleze."

Wakavuka mbao. Akapumzika kwenye nguzo ya kona, akaipiga kwa fimbo kama mtu anayemdharau mpinzani wa zamani, akaendelea. Walipofika chini ya mti mkubwa, hakuketi juu ya gogo. Alisimama mgongo kwa pikapu mpaka Delfina alipofungua kilango cha nyuma na kulifungua lile fundo. Mfuko ulipomtoka, alibaki ameinama vile vile kwa muda, kama mwili ulikuwa bado haujapata habari. Kisha akaunyanyua uso, akatupa macho ng'ambo, gizani, kwenye lango la pili.

"Si mbali," alisema. "Mwakani."

Delfina, anayepima kila jambo pande zote, hakulipima hilo. "Mwakani," alijibu.

Moyo waliula usiku ule ule nyumbani kwa Ubaldo, umekatwa vipande vyembamba na kukaangwa na vitunguu na pilipili kijani zilizochomwa, pamoja na tortilla, chapati nyembamba za kwao, za moto. Eliseo alikula vipande viwili, akasinzia uma ukiwa mkononi. Kesho yake Delfina alipeleka nyama nyumba kwa nyumba, kama ilivyo ada, akianza na wajane. Na kila mlangoni aliulizwa nani ameua, akajibu, akaulizwa nani amebeba, akajibu. Mfuko aliufua mara moja tu. Doa la zamani lilikuwa limepata mwenziwe, naye hakuligombeza.

Desemba, siku chache baada ya mzee kushuka Albuquerque, kaka mkubwa alipiga simu.

"Delfina, Baba amekuja na kitambaa cha vyombo kichafu ndani ya sanduku la nguo. Mke wangu alitaka kukitupa, Baba akamfokea. Hiki ni nini?"

"Si kichafu," alisema Delfina. Alikuwa ndani ya basi, ameliegesha, akingoja kengele ya shule. "Tafuta nyundo na msumari. Mwulize anataka kitundikwe wapi."